Tumbaku Kuukuu na Ulimi wa Mjomba Shomari

Ipo siku moja ya palizi naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nikiikumbuka mwili hunisisimka. Nilikuwa kijana wa ndevu za kwanza, nimetoka kwetu Mlandizi kwenda Msimbu, kule Kisarawe, kumsaidia mjomba wangu Shomari shamba la mihogo. Mjomba ndiye aliyekuwa akiadhini msikitini pale kijijini, na sauti yake, Mungu amrehemu, ilimtoa mtu kitandani bila kinyongo. Starehe yake ilikuwa moja tu: kiko.

Alikuwa na imani yake. Tumbaku mbichi, alisema, ina hasira, lazima ilazwe. Basi aliisokota, akaifunga kwa majani makavu ya mgomba, akaiweka darini miaka miwili, hata mitatu. Mimi nami nilikuwa nimeanza kuvuta, akanionjesha zote mbili. Ile mpya ilinichoma ulimi kama pilipili kichaa. Ile ya zamani, wallahi sikudanganyi, ilipita laini, ina utamu wa mbali kama wa tende.

"Unaona?" akasema. "Kilicholainika hakidhuru."

Nikaamini. Kijana huamini upesi kinachomfurahisha.

Mkewe, Bi Zena, ndiye aliyeanza kuogopa. Alimwona mumewe akinywa uji wa motoni bila kupuliza. Kachumbari iliyotutoa sisi machozi, yeye aliuliza pilipili iko wapi. Na alikuwa akitafuna upande mmoja tu. Akiulizwa, anajibu, "Uzee huo." Lakini hata mvi hazijamwota sawasawa.

Siku hiyo tulirudi shamba adhuhuri, tukakaa barazani. Bi Zena akamletea tumbaku ndani ya jani la mgomba. Mjomba akajaza kiko, akawasha, akavuta, akafumba macho.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Hii imelala miaka."

Bi Zena hakuketi. Alikuwa ameshika nguzo ya baraza, anamtazama mumewe.

"Baba Mwajuma," akasema, "hiyo nimeinunua jana Masaki, hapa hapa Kisarawe. Mbichi kabisa. Nimeifunga mwenyewe kwenye jani kuukuu, nione kama utaitambua."

Nilidhani atafoka. Hakufoka. Akaninyooshea kiko. "Vuta wewe."

Nikavuta. Ulimi ukawaka moto, nikakohoa mpaka nikatema mate mchangani. Mjomba akanitazama, na mwanangu, sijaona tena hofu ikimwingia mtu mzima usoni namna ile.

"Fungua mdomo nikuone," Bi Zena akamwambia.

Alikataa, halafu akageukia kwenye mwanga, akafungua mdomo. Ubavuni mwa ulimi palikuwa na baka jeupe, na katikati ya baka kidonda kilichochanika.

"Hakiumi," mjomba akasema, kama mtu anayejitetea. "Zena, hakiumi hata kidogo."

Hapo ndipo Bi Zena alipoanza kulia. Kidonda kisichouma kinatisha kuliko kinachouma.

Kulipokucha tukapanda lori la mkaa mpaka Kisarawe, na kutoka hapo tukaelekezwa Dar es Salaam. Daktari akakata kinyama kidogo pale kwenye kidonda ili kipimwe, akasema turudi nyumbani tusubiri majibu. Kusubiri kule, mwanangu, usiombe. Mjomba aliadhini kila swala kama anayeaga. Mimi nilijifungia chumbani na kioo, nautoa ulimi, naugeuza huku na huku. Kila asubuhi niliweka kipande cha pilipili ulimini. Kikinichoma mpaka machozi, nasema alhamdulillahi.

Majibu yalikuwa saratani. Walimkata sehemu ya ulimi, na kwa rehema za Mungu akapona, akaishi mpaka akawaona wajukuu. Ila maneno yake hayakunyooka tena. Ijumaa ya kwanza aliyorudi msikitini alikaa safu ya nyuma. Mwingine akaadhini. Mjomba akainamisha kichwa, midomo ikimfuatiza yule mwadhini pasipo sauti, machozi yakidondokea kanzu.

Tulipotoka alinishika bega. Alisema polepole, nami ilibidi niinamishe sikio ili nimwelewe.

"Nilidhani tumbaku imepoa. Kumbe ulimi ndio umekufa. Wewe wako bado unaungua. Acha sasa."

Niliacha siku ile ile.

Sasa wewe umeniuliza kama tumbaku ikikaa sana huwa laini ulimini. Ndiyo, mwanangu, ukali wake hupungua, mimi mzee wako nimeionja. Lakini moshi ni ule ule, na sumu haikuota kutu darini. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nawasikia ninyi vijana wa hapa Kibaha mnasifia shisha za ladha ya matunda na hivyo vifaa vya kuvuta mvuke, eti havikwaruzi koo. Nami nakwambia, kitu kikikuwasha, kinakupa onyo. Kikikubembeleza, jiulize kinataka nini kwako. Na ukiona baka au kidonda mdomoni kisichopona, usikae nacho ati kwa kuwa hakiumi. Nenda hospitali mapema, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Na kama una mtu nyumbani anayekuogopea, kama Bi Zena, msikilize. Woga wake ni mapenzi.

Mola akuhifadhi kinywa chako na vilivyomo. Akuache uone utamu wa chakula na ukali wa pilipili mpaka uzeeni, na ulitaje jina lake kwa sauti iliyonyooka. Amina.