Shikamoo Iliyoniangusha

Leo nimebwagwa chini nikiwa katikati ya kuamkia.

Kaeni niwaeleze, maana nimechoka kulia peke yangu.

Huku Malindi wacheza mieleka wote tunavamia miguu. Mzee Katana wa Gede pekee ndiye anayevamia mkono. Akikushika tu anakuvuta, unapita mbele yake kama mlevi, na yeye keshafika mgongoni.

Kocha akanipa dawa: kiwiko kisiachane na ubavu.

Wiki tatu nimefanya mazoezi na kandambili kwapani. Ikidondoka, naanza upya. Hata nazi nimekuna nayo.

Na leo dawa ikafanya kazi. Kajaribu mara nne, mkono haupati. Tuko sare, dakika ya mwisho, mzee anahema.

Mara akasimama wima, akaninyoshea mkono, uso mpole kabisa.

"Mwanangu, leo hata hujaniamkia."

Jamani, ni rika la babangu.

Nikampa mikono yote miwili, na kichwa nikainamisha. "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu. Nikaisikia nikiwa tayari nala mchanga.

Jumamosi tunarudiana, na atakayeshindwa anatoka kwenye timu yetu ya Malindi. Nimemlilia mama, nikamwambia safari hii mkono simpi ng'o.

Mama kaacha kuchambua mchele, kanitazama.

"Nami nitakuwepo. Umnyime mtu mzima mkono mbele za watu, uone kama utalala kwangu."

Nishaurini upesi. Hapa naandika kwa mkono mmoja, kandambili iko kwapani.