Kifaransa cha Sabuni na Pasi

Pétronille wa Kilibula hakusoma hata darasa moja, lakini mtaa mzima ulijua kwamba anasema Kifaransa na mbwa wake. Na hao mbwa, kwa maneno yake mwenyewe, walikijua kuliko karani yeyote wa Uvira. Alikuwa akilisema jambo hilo bila kucheka, kwa hiyo watu walicheka kwa niaba yake.

Mambo yalianza mwezi wa saba, mwaka ule wa uhuru wa Kongo. Kwa miaka kumi na miwili Pétronille alikuwa amefua na kupiga pasi nguo za bwana shamba mmoja Mbelgiji na mkewe. Asubuhi moja akakuta milango ya nyumba iko wazi na gari limekwisha kwenda Usumbura, ng'ambo ya mpaka. Madame alikuwa ameondoka na mbwa wake mkubwa, akasahau watoto wawili wa mbwa huyo ndani ya kikapu cha nguo chafu, au pengine hakusahau. Pétronille alingoja hadi jioni. Gari halikurudi. Akajitwika kikapu, akaenda nacho nyumbani.

Mumewe, Mathieu, alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache na mengi ya hayo ni ya utani. Akachungulia kikapuni.

"Mama Candide, nilizani Madame amekuachia mashuka."

"Ameniachia hii."

"Kazi yako imeisha leo, na weye unaleta tena midomo mbili."

Candide, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa Nyakabere mwaka huohuo, na nyumba ilikuwa imepoa. Pétronille alimkumbuka mtoto wake kila alipopakua chakula. Lakini utamwambiaje mume kwamba unataka kufuga mbwa kwa sababu ya upweke? Akatafuta sababu yenye heshima. Alisema ataanza kuanika ndagala ufukweni kama wanawake wengine, na kwamba wale samaki wadogo, kunguru na paka huwamaliza wakiwa bado mkekani, kwa hiyo anahitaji walinzi. Mathieu akakubali kwa sharti moja: siku walinzi watakapokula samaki, wataondoka.

Jike lilikuwa jeupe, akaliita Sabuni. Dume jeusi akaliita Pasi. Walikua kwa uji wa muhogo na maji ya samaki, na walikua haraka. Pasi alitafuna kiatu cha kushoto cha Mathieu, kile cha kwendea misa. Kesho yake Sabuni akamaliza cha kulia.

Sasa, Pétronille aliamini kwamba mbwa wa wazungu husikia Kifaransa tu, na hakuna mtu Kilibula aliyembishia, kwa maana hata wao waliamini hivyohivyo. Alikuwa amemsikia Madame miaka yote: asi, keti; isi, njoo; kushe, lala. Basi kila asubuhi alisimama uani, akajinyoosha, akanyoosha na mkono, akatangaza: "Kushe."

Watoto wa mbwa walitazamana, wakaumana masikio, wakakimbizana mpaka nyuma ya jiko. Akiita mmoja, wanakuja wote wawili au haji hata mmoja. Hilo lilikwenda miezi mitatu. Mathieu alikuwa akitazama kutoka mlangoni.

"Mama Candide, kazi ya pasi iliisha, lakini mukono yako iko inanyoosha mashuka bado."

Pétronille aliendelea kuita. Alikuwa na kazi.

Siku ya kwanza aliyowapeleka ufukweni, walikula kona nzima ya mkeka, na mkeka wenyewe haukuwa wake. Ulikuwa wa Georgette, jirani yake, mama wa mapacha. Habari ilimfika Mathieu kabla Pétronille hajafika nyumbani.

"Nilisema," akamwambia.

"Baba Candide, unipe mwezi moja."

Mathieu alitazama miguu yake, ambayo tangu wiki ile ya viatu ilikuwa inakwenda misa na ndara. Akampa huo mwezi.

Pétronille alimpelekea Georgette ndagala za kulipa zile zilizoliwa, na ndipo Georgette alipomuuliza jambo.

"Unawafundishaka wote wawili pamoja?"

"Njo vile. Wako ndugu."

"Minye nililea mapacha. Ukigombeza wote pamoja, kila moja anazani unagombeza mwenzake. Uwatenge. Moja akuangalie weye, asiangalie ndugu yake."

Kuwatenga kulimuuma Pétronille kuliko alivyotazamia. Asubuhi alikwenda ufukweni na Pasi, Sabuni akabaki amefungwa uani, mchana wakabadilishana. Sabuni alilia mpaka watu wakaja kuuliza ni nani amefariki. Pasi alikataa uji siku mbili. Lakini siku ya nne, akiwa peke yake mbele ya mkeka, hana wa kuchezea wala wa kufuata, Pasi aliinua macho akamtazama Pétronille kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. "Kushe," akamwambia. Pasi akalala mchangani. Mate yalimdondoka, na ndagala hakugusa. Sabuni alichukua wiki moja zaidi, kwa ukaidi tu.

Mwezi ulipokwisha, Pétronille aliwaweka pamoja mbele ya mkeka uleule wa Georgette. Wakatazamana. Kisha wote wawili wakamgeukia yeye. "Kushe." Wakalala. Jioni ile Mathieu alirudi kutoka kazini na mfupa uliofungwa kwa jani la mgomba, akasema ameuokota njiani.

Miaka ikapita vizuri hivyo, mpaka mwezi wa tano wa mwaka wa sitini na nne, waasi walipoingia Uvira. Makarani walizika vitabu vyao mashambani. Mtu alichukuliwa kwa sababu ya kalamu mfukoni, na aliyesikika akisema Kifaransa aliitwa mtu wa wazungu. Mathieu hakutania tena.

"Mama Candide, ile Kifaransa iishe leo. Imbwa zikibwekea hawa bantu, watazipiga masasi. Na weye ukifungua kinywa, watakupiga weye."

Usiku na mchana Pétronille aliogopa. Alijaribu kuwafundisha upya. Alijikunyata uani, mikono imejificha ndani ya kikwembe alichojifunga, akawanong'oneza: "Lala. Laleni." Mbwa walisimama wakimtazama usoni, masikio juu, hawaelewi. Akaona ni yeye aliyewatia kifoni kwa kiburi cha maneno ya Madame. Akajaribu kuwaacha nyumbani. Wakakata kamba, wakamfuata ufukweni.

Na siku hiyo ndiyo waliyoshukia ufukweni waasi watatu, majani kwenye kofia, mmoja na bunduki, wakitaka samaki. Sabuni na Pasi walisimama mbele ya mkeka na kubweka kwa nguvu zote.

"Kamata imbwa zako," alisema yule mwenye bunduki, na tayari alikuwa ameiinua.

Pétronille alifungua kinywa. Neno lilifika kwenye meno, akalimeza. La Kiswahili halikuja kabisa. Mkono wake wa kulia, bila yeye kuutuma, ulitoka ndani ya kikwembe ukashuka polepole, kiganja chini, kama siku zote alipokuwa akinyoosha shuka juu ya meza ya Madame.

Pasi akalala. Sabuni akalala.

Bunduki ilibaki juu kidogo, kisha ikashuka.

"Unawaambiaka nini?"

"Siwaambie kitu."

"Nani aliwafundisha?"

"Ni minye. Nilikuwaka nafua manguo."

Mtu yule aliutazama mkono wake, akawatazama mbwa. Akajaza ndagala kwenye kofia, akaondoka na wenzake. Pétronille aliketi mchangani, akawakumbatia mbwa wote wawili wanaonuka samaki.

Jioni alimhadithia Mathieu yote. Mathieu alisikiliza akiwa ameketi, Sabuni amelalia mguu wake mmoja na Pasi mwingine.

"Kumbe hawajue Kifaransa?"

"Hata neno moja. Walikuwa wanaangalia mukono tu."

"Basi," alisema Mathieu, "tuko bane mu hii nyumba wenye hatukijue."

Pétronille alirudia hesabu hiyo ya wanne moyoni, akageukia jiko ili mumewe asimwone akilia. Kisha akapakua ugali.