Kiboko wa Tabaka Ziwani

Niliondoka Mombasa kwa sababu moja tu: mke wangu Kemunto alikuwa kwa baba yake, kijijini Tabaka huko Kisii, nami nilitaka arudi kwangu. Hatukuwa tumegombana. Alikuwa amechoka tu kuolewa na mtu ambaye leo yuko Voi, kesho Lamu, kesho kutwa hajulikani. Miaka ile ya tisini hakukuwa na simu za mkononi, kwa hiyo alimtuma dereva wa lori la ndizi aniambie: "Nikimhitaji nitamtafuta kwenye ramani."

Basi nikapanda gari-moshi hadi Nairobi, na kutoka Nairobi nikapanda basi. Kericho, chai ilikuwa imekatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi wa bweni, na baridi ikaniingia mpaka nikacheka peke yangu. Keroka, mwanamke aliinua mkungu wa ndizi dirishani akanisemesha Ekegusii. Nikamjibu kwa Kiswahili cha pwani. Akawageukia wenzake: "Huyu alipotea zamani!" Nilinunua ndizi nyingi kuliko nilivyoweza kula.

Tabaka, nilimkuta baba mkwe, Mzee Nyakundi, uani, vumbi jeupe la mawe limemjaa mpaka kwenye nyusi. Watu wa huko huchonga lile jiwe laini linalochimbwa vilimani, na yeye alijulikana kwa sanamu zake za wanyama.

"Umefika?"

"Nimefika, baba."

"Umekuja kukaa au unapita?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Chai iko," alisema. "Kemunto pia yuko. Lakini kumchukua, ngoja kwanza nikuangalie."

Aniangalie! Msomaji asiye wa kwetu aelewe kwamba Mgusii na baba mkwe wake wana ensoni kati yao, heshima iliyochanganyika na haya. Hamtaniani, hamwogi mtoni pamoja, na mmoja akimwona mwenzake bila nguo, huo si mchezo. Watu wameshindwa kukaa meza moja maisha yao yote kwa sababu ya taulo iliyoanguka. Kwa hiyo wiki ile niliishi Tabaka nimefunga vifungo vyote mpaka kooni.

Kisii mjini, wiki hiyohiyo, kulikuwa na kichekesho kingine. Kanti, mwenye duka la misumari na mabati, Mhindi aliyezaliwa palepale na anayesema Ekegusii kunishinda, alikuwa ameunda mashua nyuma ya duka lake. Mashua, Kisii! Watu wa soko la Daraja Mbili walikuja kumuuliza kama amesikia habari za gharika. Alikuwa na injini ndogo na makasia, lakini hakuwa na nanga. Mzee Nyakundi, aliyekuwa akinunua tupa zake hapo, akasema: "Nanga si ni uzito tu? Nitakuchongea."

Akamchongea kiboko. Kilikuwa kitu kizuri ajabu, kikubwa kama mbuzi aliyelala, masikio yamesimama, tabasamu mdomoni, na shingo nyembamba ya kufungia kamba.

"Wewe umetoka Mombasa, unajua meli," Kanti aliniambia. "Lazima uende na sisi."

Ukweli ni kwamba bandarini kazi yangu ilikuwa kupaka meli rangi. Kuogelea nilijifunza kwa kuanguka.

"Na mimi naenda," Mzee akasema. "Nanga yangu ikienda, naenda nayo." Lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato na Mzee hatoki, tuliibeba mashua kwa lori hadi Homa Bay, ziwani. Mimi nilivaa koti, tai na suruali nzito ya sufu. Nilikuwa nasafiri na baba mkwe, ningevaa nini? Kanti alinitazama akauliza kama tunaenda kuoza mtu.

Tukaondoka ufukweni. Ee, raha iliyoje! Injini ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, halafu ikaimba. Tulifuata ukingo wa ghuba polepole, tukiwapungia mikono wanawake waliokuwa wakifua. Mzee alishika ukingo wa mashua kwa mikono miwili na kucheka kila wimbi lilipomrushia maji usoni.

Jua lilipopanda tukafika kwenye kisiwa kidogo, mwamba mtupu usiozidi uwanja wa shule, wenye ndege weusi waliotutazama kama wenye nyumba. Tukasogeza mashua, tukamshusha kiboko majini kwa heshima zote, tukarukia mwambani.

Hapo tulikaa kama wafalme. Kanti alitandika kitambaa chenye maua, akapakua chapati na viazi vya bizari, kisha akakirudisha kitambaa mashuani kisichafuke. Mzee alitoa ndizi mbivu. Tulilala chali. Mzee alisimulia jinsi mtalii mmoja alivyonunua twiga akamvunja mguu kabla hajapanda gari, akarudi kununua mwingine. Nilicheka huku jasho likinitiririka chini ya tai. Maji yalikuwa yananiita kwa jina. Lakini nitaogaje mbele ya mkwe?

"Kanti," Mzee akasema kwa upole, kama mtu anayeona ng'ombe wa jirani shambani, "mashua yako inatembea."

"Inatembea wapi? Si imefungwa!"

Ilikuwa inatembea. Ilikuwa imeshatugeuzia mgongo.

Kanti alijua maji ya ndoo. Mzee alijua maji ya mto, ya magotini. Wote wakanigeukia. Nikavua koti, nikavua tai, nikavua viatu. Mkono ukafika kwenye mkanda, ukagoma. Mwamba haukuwa na mti wala kichaka. Na ile suruali ya sufu ningezama kumfuata kiboko. Nikiivua, nampoteza Kemunto. Nisipoivua, tunalala na ndege.

Mzee aliutazama mkono wangu. Akainuka, akachukua ndizi moja, akageukia upande wa pili wa ziwa na kuanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kutisha ndege. Nikabaki nimeduwaa.

"Wewe mjinga!" Kanti akanong'ona. "Anakuonyesha uso wake uko wapi! Ukisikia sauti inaenda kule, hakuoni. Vua!"

Nikavua, nikaruka. Maji yalikuwa matamu kuliko nilivyoota. Niliogelea nikisikiliza, na kila upepo ulipoleta sauti karibu, nilizamisha mabega: amegeuka? Hakugeuka. Niliishika mashua, nikapanda, nikavuta kamba. Ikaja nyepesi, kitanzi kitupu. Injini ikakataa, nikapiga kasia, nimejifunga kile kitambaa cha maua kiunoni.

Beti zilimwishia Mzee. Akaanza upya. Kanti alinirushia suruali, mguu mmoja ukaingia majini. Nilipofunga kifungo cha mwisho nikakohoa. Hakukatiza ubeti. Aliumaliza, ndipo akageuka.

"Kiboko yangu iko wapi?"

"Imeenda kwa wenzake," Kanti akasema.

Mzee akacheka mpaka akakaa chini. "Shingo! Nani aliona kiboko na shingo? Nilimpa shingo ya twiga, ikavunjika!"

"Mimi niliona tangu Kisii."

"Ulisema ni nzuri, wewe!"

"Si ilikuwa nzuri!"

Tulirudi Homa Bay tukicheka kama watoto waliotoroka shule. Njiani, lori likipanda Rongo, Mzee aliniegemea. "Mama Kemunto akiuliza, nitasema ulifuata mashua ukiwa na tai."

"Asante, baba."

"Mchukue mke wako. Heshima yangu umeilinda mahali ambapo hapakuwa na hata mti."

Nikamwambia ni yeye aliyeilinda ya kwangu. Nilikuwa nimezunguka nchi nikidhani heshima ni ya mtu mmoja kujifunga vifungo. Kumbe ni ya watu wawili, na mmoja lazima akubali kugeuka.

Nilikaa Tabaka mpaka mahindi yakavunwa. Siku niliyoondoka na Kemunto, Mzee alitusindikiza hadi stendi ya Kisii na kiboko mpya, mdogo, aliyefungwa kwa gazeti. Hakuwa na shingo hata kidogo.

"Huyu mfunge popote," aliniambia. "Hatoki."

Kemunto alimpakata. Basi lilipounguruma, Mzee hakupunga mkono. Aligeukia duka la Kanti, akatupa mgongo, akaanza kuimba ule wimbo.

"Mbona baba anaimba stendi?" Kemunto akauliza, akitaka kuchungulia.

Nikamshika bega. "Usimtazame mpaka amalize ubeti."