Kocha Niliyemsogeza Pembeni

Nichekeni tu, maana shule nzima hapa Kashozi imeshanicheka. Mimi, mwalimu wa michezo, nilitumwa uwanja wa ndege Bukoba kumpokea kocha Mmarekani aliyefundisha kikapu miaka mingi huko Hispania na Ugiriki. Akateremka Mzungu mrefu kama mgomba. Baba mmoja mfupi, mweusi kama mimi, alikuwa amenizibia njia. Nikamshika bega, nikamsogeza pembeni, nikamkimbilia mgeni wangu. Nilimuuliza kama ametoka Ulaya, akakubali. Ikanitosha.

Nyumbani mke wangu alipiga magoti, akamkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama tufanyavyo Wahaya. Mgeni hakutafuna. Aliipasua kwa kucha, akainusa, akaomba kuona shamba.

“Kocha mnyenyekevu kweli!” nikasema.

“Mh, baba Koku, kocha gani anapapasa mibuni hivyo?”

Sikumsikiliza. Uwanjani, mbele ya wanafunzi, nikampa mpira. Akaukumbatia kama mkungu wa ndizi.

“Lakini mimi nimekuja kununua kahawa,” akasema. “Si wewe mwenyeji wangu?”

Hapo mkuu wa shule akatokea na yule baba mfupi. Baba akauchukua mpira, akanishika bega, akanisogeza pembeni taratibu, akarusha. Ukazama wavuni.