Mbao au Mawe Mlangoni kwa Ngendo

Ngendo alifanya kazi ya kuunganisha simu mjini Nyeri kwa miaka ishirini na kitu, na kazi hiyo ilimfundisha jambo moja: mtu akianza kuongea taratibu na kwa adabu nyingi, ama yuko karibu kuomba kitu, ama yuko karibu kukificha. Mashine mpya ilipoletwa na yeye kuambiwa akapumzike mapema, alirudi kijijini kwao Wamagana na masikio yake. Masikio hayakustaafu.

Alijenga nyumba ya mawe kwenye shamba la marehemu baba yao. Mzee alikuwa amemwonyesha mahali kwa fimbo: kutoka hapa mpaka pale. Ubaya wa fimbo ni kwamba haiachi alama hewani. Hati ya shamba ilikuwa bado na jina la marehemu, ambaye hakuwa na haraka tena, na kaka yake Gicheru, mzee wa kanisa na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, naye hakuwa na haraka. Ngendo hakuwahi kuolewa. Kijijini hilo lilimaanisha kwamba kila mtu alijua alipo, lakini hakuna aliyekuwa tayari kusema kwamba ni pake.

Kwenye matanga ya shangazi yao, Gicheru, sahani mkononi, aliwaambia watu kwa mzaha kwamba shamba la dada yake linaishia pale maji ya paa yanapodondokea. Watu walicheka. Ngendo pia alicheka, kisha akaliweka neno hilo pale anapoyaweka maneno ya namna hiyo. Palikuwa pamejaa.

Sasa kilichobaki ni mbele ya mlango. Udongo wa Wamagana ni mwekundu na una upendo mwingi. Mvua ikinyesha humfuata mgeni hadi sebuleni. Kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuwa kikikutana kwa Ngendo, na kila walipoondoka sakafu ilibaki kama ya zizi. Alitaka mahali pa nje pa kukaa, pana, penye jua la asubuhi, panapoenea viti na chupa ya chai. Swali lilikuwa kama pajengwe kwa mbao, pawe juu ya nguzo, au kwa mawe na simiti, chini kwa chini.

Kwa watu wengine swali kama hilo ni la fundi. Kwa Ngendo lilikuja na lita moja ya maziwa.

"Mwari wa maitu," Gicheru alisema, akimwita binti wa mama yake kama alivyomwita siku za harusi na siku za kutaka sahihi. "Nasikia unataka kumwaga simiti hapa nje."

"Umesikia kwa nani?"

"Si watu wanaongea."

"Watu gani?"

"Watu tu. Hiyo simiti wachana nayo, itakuletea baridi ya miguu. Na hii umri yetu! Jenga ya mbao. Unasimamisha nguzo, unapigilia mbao juu, hewa inapita huko chini. Hoteli zote za wazungu kule msituni ziko hivyo."

"Wazungu hulala siku mbili wakaenda."

"Mbao nitakupa mimi. Nitaangusha saipresi. Bure."

Alipoondoka, Ngendo aliyachemsha yale maziwa mara mbili.

Hilo neno "bure" ndilo lililomkosesha raha. Gicheru alikuwa mtu wa kukuazima jembe asubuhi na kulifuata kabla ya chai ya saa nne. Na kuna sheria ambayo haijaandikwa popote lakini kila mtu wa milima hii anaijua: wa kupita hujenga kwa mbao, mwenyewe hujenga kwa mawe. Mbao hung'olewa na vijana wawili kabla jua halijapanda, na mahali pake pakaota nyasi. Simiti lazima uivunje kwa nyundo, mbele ya watu, na kwa kelele. Ngendo aliona wazi anachotakiwa kuwa: mtu wa kung'oleka. Akaamua ni mawe.

Akamwita Moffat, fundi wa mawe.

"Mbao, Anti?" Moffat alisema, akiguna. "Mchwa watakula mpaka viatu vya wageni. Alafu panya anazaa huko chini, nyoka anakuja kutembelea panya, na wewe uko juu unakunywa chai. Mawe ni mawe."

Ngendo alikubali, ingawa hakukosa kuona kwamba ushauri wa kila mtu ulifanana na alichokuwa nacho nyumbani. Kama Moffat angekuwa na msumeno, nyoka angekuwa kwenye mawe.

Kabla ya kupima ilibidi ng'ombe wa Gicheru ahamishwe. Ng'ombe huyo alikuwa akifungwa mbele ya nyumba ile kila siku tangu kabla haijajengwa, na nyasi mahali hapo zilikuwa zimekanyagwa zikawa kama mkeka. Ngendo alituma neno. Gicheru akajibu kwamba ng'ombe amezoea. Ngendo akaifungua kamba mwenyewe, akamfunga ng'ombe kando ya choo, akamwambia azoee hapo pia.

Moffat alivuta kamba zake, akaanza kuchimba msingi. Hakuwa amefika mbali jembe lilipogonga kitu chororo. Akainama, akafuta udongo kwa kidole. Kilikuwa kiazi cha mviringo, kikubwa kama kitunguu cha mashindano. Akaliweka jembe chini polepole, kama mtu anayeweka bakuli la uji wa moto.

"Hii ni itoka, Anti."

Itoka ni ua ambalo wazee wa Gikuyu walipanda mpakani. Majani yake yanaweza kukatwa, kukanyagwa na kusahauliwa. Kiazi chake hubaki ardhini kikingoja. Na mtu anayeking'oa makusudi husemekana hamalizi vizuri.

"Ni moja tu?" Ngendo aliuliza.

Moffat alikwangua mbele kidogo. Ya pili. Kisha ya tatu, zimepangwa mstari.

"Mimi sing'oi. Huko kwetu kuna mtu aling'oa ya jirani, yaani... hata sisemi."

"Nani amekwambia ung'oe? Kwangua juu juu tuone inaenda wapi."

Walikwangua kwa panga mchana kutwa. Mstari ulianzia mbali kabisa na matone ya paa, ukashuka kwa mshazari kuelekea kijito, ukiacha upande wa Ngendo safu kadhaa za kahawa ambazo Gicheru alikuwa akizichuma tangu mzee azikwe.

Ngendo aliketi juu ya rundo la mawe akazifikiria upya zile mbao. Alikuwa amedhani kaka yake anataka kitu cha kung'oleka. Kumbe alitaka kitu kisichochimbiwa. Nguzo zingesimama hapa na pale, mbao zingefunika, na mpaka ungelala gizani chini ya viti vya akina mama. Hakuna ambaye angeung'oa, laana isingemfuata mtu, na mzee wa kanisa angeendelea kuomba kwa mikono misafi. Ilikuwa kazi nadhifu. Ngendo alikaribia kumwonea fahari.

Lakini neno la watu wawili hukanwa; hilo alilijua kutoka kazini. Lazima awepo wa tatu anayesikiliza. Keshoye akawaita akina mama wa kikundi waje kunywa chai pembeni ya msingi, na akamwalika Gicheru aje kuonja.

Gicheru alifika, akaona viazi vimekaa wazi juani, akavua kofia. Mwenyekiti wa kikundi, mwalimu Khavere, alikuwa mtu wa Magharibi aliyeletwa huku na kazi, na kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kuuliza.

"Mzee Gicheru, mimi si wa huku. Hizi vitunguu ni za nini?"

"Ni mpaka."

"Ya nani na nani?"

Gicheru aliizungusha kofia mikononi. "Baba alipanda. Ni yangu na huyu."

"Eee-i!" akina mama wakasema, na vikombe vikashuka.

"Na ulikuwa unajua," Ngendo alisema.

"Si ndio nilikwambia mbao! Na simiti ungeng'oa kazi ya mzee. Mimi nimekuchungia mpaka miaka yote hii, ati sasa unaniitia kamati."

"Umenichungia na ng'ombe?"

"Ng'ombe hajui mpaka."

"Kamba yake ilifungwa na nani?"

Akina mama walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Ngendo hakucheka. Inawezekana kaka yake alisema kweli, na hapo ndipo palipouma. Ubao uleule ungeulinda mpaka na kuuficha. Labda hata Gicheru mwenyewe hakujua ni Gicheru yupi aliyeleta yale maziwa.

"Itakuwa ya mawe," Ngendo aliwaambia wote, "na itaishia hapa kwenye itoka. Kahawa ya upande huu nitachuma mimi."

Gicheru alimtazama Khavere, akawatazama wengine, akatazama chini. "Basi chuma."

"Anti, kona itakatika," Moffat alilalamika. "Itakaa kama mkate imeumwa. Watu watasema fundi alikuwa amelewa."

"Wakiuliza, waje wasimame hapa nitawaonyesha."

Palikuwa na mapengo kwenye mstari, pale kwato zilipokuwa zimeponda viazi. Ngendo alisema yajazwe siku hiyohiyo, na mkono wa kuyajaza uwe wa Gicheru. Gicheru akapiga magoti udongoni na suruali yake ya kanisani, kiazi mkononi.

"Kushoto kidogo," Ngendo alisema.

"Ilikuwa hapa."

"Kushoto kidogo, muru wa maitu," alisema, naye sasa akimwita mwana wa mama yake.

Kiazi kikaenda kushoto kidogo. Khavere akasema jambo kama hili halifai kuachwa bila maombi, akaanza kuomba kwa ajili ya amani ya familia, mvua, na mitihani ya darasa la nane. Vichwa vyote viliinama, macho yote yakafungwa. Ngendo alifumbua jicho moja kukagua kile kiazi. Ng'ambo ya mstari, Gicheru naye alikuwa ameyaacha macho yake wazi.

"Amina," kaka na dada wakasema pamoja, hakuna aliyepepesa jicho.