Kompyuta Yenye Kona Iliyomeguka

Jambo hili limenigharimu kompyuta nane, nyundo moja niliyoitupa mtoni, na kila picha ya binti yangu. Ukidhani natunga, njoo Natta umwulize mke wangu.

Kazi yangu ni kuvunja kompyuta mbovu mbele ya kamera. Usicheke. Watu wanapenda kutazama kioo kikipasuka, na mimi napata chochote. Shambani kwangu tembo huvuna kabla yangu, wala hawaachi hata asante. Hizo nane nilizitoa kwenye studio ya picha iliyofungwa. Mwenye studio alitaka bei ya kompyuta, nikampa bei ya chuma chakavu.

Jioni moja, jua bado lipo, akaja mama mmoja nisiyemjua, kabeba jogoo, miguu haina vumbi. Kiangazi hiki, Natta, miguu bila vumbi! Hapo ndipo ningeshtuka. Mimi nilikuwa namtazama jogoo.

"Baba Bhoke," akaniita, na jina la mwanangu sikuwa nimemtajia. "Naitaka ile yenye kona iliyomeguka. Picha ya binti yangu imo humo. Sina nyingine."

"Haiwaki, mama."

"Basi itakuwa rahisi."

"Ingewaka ingekuwa ghali. Isiyowaka ni ya video, ghali zaidi."

Akacheka kidogo. Akaniachia jogoo kama kishika uchumba, bei tuimalize siku ya mnada wa mifugo. Nikapokea. Kabla giza halijaingia jogoo alikuwa sufuriani. Nawe unajua: ukishamla jogoo wa mtu, mali si yako tena.

Lakini watazamaji wangu hawajui mnada ni lini. Saba nilikwisha kuzivunja, nao walikuwa wanaandika tu: vunja ile ya kona! Siku moja kabla ya mnada nikainua nyundo. Chacha, rafiki yangu anayenirekodi, akapiga kelele, "Kaka, umeichomeka wapi?"

Sikuwa nimeichomeka popote. Kioo kilikuwa kimewaka. Ndani yake msichana wa sweta la bluu, pengo mbele, anacheka kama aliyeambiwa acheke na mpiga picha. Niamini, niliona. Lakini nyundo ikishapanda haina breki.

Tulipoitazama tena video, kioo kilikuwa cheusi mwanzo hadi mwisho. Sauti ya Chacha ipo.

Siku ya mnada mama akaja. Nikamwahi kwa shikamoo. Hakuitikia.

"Nitakurudishia majogoo wawili, mama."

"Kwani nilikuja kununua kuku?" Akamtazama Bhoke wangu akicheza mlangoni, akamtazama sana. "Basi. Tumemalizana."

Akakatisha shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, mabua yote chini, hata sungura hana pa kujificha. Nikageuka kumwita mke wangu. Kurudisha macho, shamba tupu.

Bhoke mwenyewe yupo, mzima. Ila kwenye simu zetu, na kwenye ile picha ya ubatizo ukutani, kuna gauni limesimama peke yake. Tukajifariji kwamba ni picha tu. Kisha mwalimu wa chekechea akaanza kumwuliza jina kila asubuhi. Juzi nikampigia mama yangu, yuko Robanda, na ndiye aliyempa mtoto jina. Akaniuliza, "Bhoke yupi, mwanangu?"

Wewe unayesoma, usile cha mtu kabla hujamkabidhi chake. Na kabla hujavunja kitu, uliza nani yumo. Kama ulipiga picha studio ile, na nyuma yako au kando yako yumo msichana wa sweta la bluu mwenye pengo, niletee. Taja bei, sitabishana.

Maana jana mke wangu alipakua ugali sahani mbili. Nami nikanawa, nikala, nikashiba nusu, ndipo nikasikia mtoto analia njaa mlangoni. Nikamwuliza mke wangu, ni wa nani huyu?

Nishaurini, jamani. Lakini upesi.