Mkono wa Binti wa Filamu

Gari la sinema lilipofika Garsen, shuka nyeupe ilifungwa kwenye nguzo mbili karibu na soko. Wanaume walikaa mbele. Sisi wanawake tuliwekwa nyuma ya shuka, maana kuchanganyika nao ilikuwa aibu. Picha ilipenya kitambaa, tukaiona vizuri tu.

Ilikuwa filamu ya Kihindi, nyimbo tangu mwanzo. Maneno hatukuyajua, lakini mambo yake yalikuwa ya nyumbani: baba mkali, mama wa kulialia, binti aliyeletewa mchumba. Mimi pia nilikuwa nimeposwa, na mwenye duka wa Hola aliyemzidi baba umri. Washenga wake walikwisha kufika, na kesho yake wangepewa jibu. Kwetu msichana hasemi. Huwapa wageni maziwa kwa mkono wa kulia, basi amekubali.

Binti wa filamu aliimba, akafuta machozi, akampa mchumba kikombe kwa mkono wa kushoto. Moyo wangu uliruka. Kumbe mtu aweza kukataa bila kufungua mdomo!

"Lo, Wahindi hawa wote mashoto," shangazi alisema. "Hata bwana mkubwa yule anakula kwa kushoto!"

"Nyamazeni huko nyuma!" wanaume walipiga kelele, nasi tukacheka. Sikujiuliza lolote. Tuliondolewa kabla filamu haijaisha, tusipishane na wanaume njiani.

Asubuhi niliingia na kikombe cha maziwa. Washenga wawili walikuwa mkekani na baba. Nikanyoosha mkono wa kushoto.

Mshenga hakupokea. Alimtazama baba.

"Mwanangu," baba alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha, "jana hukumwona yule binti? Alilia, lakini alitoa kikombe kwa mkono wa kulia. Adabu ile ilinitoa machozi mbele za watu."

"Kwa kushoto, baba," nilinong'ona.

"Wa kulia, binti yetu," mshenga alisema, akitabasamu. "Nyinyi mliitazama shuka kwa nyuma. Mliona kinyume."

Nikakumbuka maneno ya shangazi. Nilitafuta neno langu mwenyewe, hata "sitaki" tu, halikuja. Mama alisimama mlangoni akitazama chini. Baba akanishika mkono wa kulia, akakitia kikombe humo, polepole, kama anayemfundisha mtoto kula.

Mshenga akapokea. "Bismillahi," akasema, akanywa.